Walivyomwombea Mama Kugame

Gande alifia mbele ya mlango wa zahanati uliofungwa kwa kufuli. Ndugu zake walimteremsha kutoka kijiji cha Mogiagi kwa machela ya miti, wakipokezana mabega kwenye ule mteremko wa utelezi. Walipofika chini wakaambiwa mganga yuko mjini anafuatilia mshahara wake, na hata angekuwepo, dawa zilikwisha tangu msimu wa kahawa uliopita. Wakamlaza kwenye sementi. Alisema anahisi kama mtu amemkalia kifuani. Baada ya hapo hakusema tena. Alikuwa kijana, mnunuzi wa kahawa, na mkewe alikuwa mjamzito.

Wakampandisha mlima ule ule, na njia nzima hakuna aliyeuliza kufuli lile ni la nani. Hakuna aliyeuliza lori la dawa liliishia kwenye ua wa mheshimiwa gani. Sisi watu wa milima ya Simbu tumezika vijana wengi, na kila tukizika tunauliza swali moja tu: nani amekula moyo wake? Na kila mara jibu ni mwanamke mzee, mjane, aliyeolewa kutoka bonde jingine. Haijatokea hata siku moja jibu likawa mbunge.

Kabla machela hayajafika juu, jina lilikuwa limeshapatikana. Safari hii lilikuwa la Kugame.

Ludwina alilisikia bombani. Alikuwa mke wa Mondo, mtoto pekee wa Kugame, na kanisani alikuwa katibu wa umoja wa akina mama. Alipofika na ndoo yake mazungumzo yalikatika. Bernadeta, aliyeimba naye sauti moja kwenye kwaya kwa miaka, akaisogeza ndoo yake pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mgeni.

"Mama Dekba, nakupenda, ndiyo maana nakwambia," Bernadeta alisema. "Kwenye ile sherehe ya mahari, mama mkwe wako alimwomba Gande kipande cha nyama. Akanyimwa. Watu waliona alivyomwangalia."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Ludwina aliwajua watu hao. Alikuwa amebishana nao kwenye vijiji vya wengine, amevaa fulana ya kampeni ya kuwatetea wanaoitwa wachawi, Biblia mkononi, akiambiwa ni malaya wa wazungu, akisukumwa, akitemewa mate ya tambuu miguuni. Wanawake wawili walikuwa hai kwa sababu yeye alifika mapema na gari la misheni. Kwenye semina alikuwa akifundisha kanuni moja, akiirudia mpaka wasikilizaji wanaimba naye: mtoe mwanamke siku hiyo hiyo, kabla ya maziko, usibishane na mtu, usisubiri kikao.

Lakini hayo yote aliyasema kwenye nyumba za wengine.

*

Kugame alikuwa jikoni akifukia viazi vitamu kwenye majivu. Mjukuu wake Dekba, msichana anayeanza kuota chunusi, alikuwa pembeni akisuka bilum, mfuko wa kamba wa kubebea mizigo, na bibi alikuwa akimkosoa mafundo. Mondo aliingia akiwa na tope la msibani usoni. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Ludwina ndiye aliyesema, kwa kuwa mwanamume hakuweza kulitoa neno lile mbele ya mama yake.

Kugame alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekula moyo," alisema. "Meno yenyewe sina. Nyama ile nilimwomba ya nini? Nilitaka niinyonye mafuta tu."

Dekba alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Ludwina alitoka nje kutafuta mtandao wa simu, akampata Tekla, mwenzake wa kampeni aliyekaa mjini. Tekla hakuuliza maswali mengi. Alisema gari linaweza kufika barabara ya chini mchana huo, wamteremshe bibi kwa njia ya mtoni, asibebe chochote. Mambo matatu mafupi, yale yale ambayo Ludwina mwenyewe angemwambia mtu. Akarudi ndani akiwa ameshaamua, na uamuzi ule ukamfia mlangoni.

Maana Mondo alikuwa anasubiri na maneno yake. Alisema mama akiondoka sasa, marehemu hajazikwa, hajatoa hata chozi, basi amekiri. Nani atamwamini tena? Nyumba itachomwa, mikahawa itakatwa, na ardhi ile si yake peke yake, ni ya ukoo, na ukoo ni baba zake Gande. Watakwenda wapi, wakalale kwenye mabanda ya mjini? Halafu akaongeza. "Na Dekba? Wanasema kitu hiki bibi humwachia mjukuu. Mama akikimbia, atakayebaki mikononi mwao ni nani?"

Ludwina alimwangalia binti yake, aliyekuwa amelala kifudifudi juu ya kamba zake akijifanya hasikii.

"Mimi siendi popote," Kugame alisema. "Gande nilimbeba mgongoni mama yake alipokuwa na homa ya uzazi. Nitamlilia. Nisipomlilia mimi, alale vipi?"

Hapo ndipo Ludwina alipofanya kosa, na ni kosa ambalo lisingefanywa na mtu asiye na imani. Mtu wa serikali angemtoa bibi kwa nguvu. Mzungu wa mradi angemtoa. Ludwina alijiambia kwamba hawa si watu wa bonde la kule, hawa ni watu wake, wamebatizwa kwenye mto mmoja, amewafundisha watoto wao Jumapili. Kama injili haiwezi kumlinda bibi mmoja hapa, basi amekuwa akiihubiri ya nini kule? Akampigia Tekla kumwambia gari lisije.

"Dada, huyo si wewe unayesema," Tekla alisema.

"Tuna mchungaji," Ludwina alijibu.

*

Ludwina aliwapigia polisi kwanza, ili asije kulaumiwa. Sajini alimsikiliza kwa upole, akasema wanazo taarifa, ila gari halina mafuta. Kama familia itatuma pesa ya dizeli, kina mia mbili, watajitahidi. Ludwina alisema atazitafuta. Sajini akamwambia akizituma apige tena, na asisahau kutuma za kutolea.

Mchungaji Yauwe alikuwa kwenye uwanja wa kanisa akisimamia vijana wanaopaka rangi ubao wa matangazo. Mtu mwema, hakuna anayesema vingine. Alikuwa amejenga darasa la watoto kwa mikono yake na alizika maskini bila malipo. Ludwina alimweleza yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kukaa, naye Yauwe alitikisa kichwa kwa huzuni kila palipostahili. Alichomwomba kilikuwa kidogo: asimame mbele ya watu msibani, amshike bibi mkono, aseme kwa mdomo wake kwamba mama huyu hana hatia, kwamba Gande alikufa kwa ugonjwa wa moyo na kwa kukosa dawa.

"Mambo ya dawa tuyaache, mama katibu. Msibani si mahali pa siasa."

"Basi sema hilo la kwanza tu."

"Niachie mimi. Nawajua watu wangu. Ukiwaambia ana kwa ana kwamba wanaamini uongo, watawaka. Lazima uwapoze kwa lugha yao." Akamwekea mkono begani. "Nitasimama naye. Hakuna atakayemgusa mbele yangu."

Ludwina alirudi nyumbani moyo umetulia. Alikuwa ameahidiwa kwamba atasimama. Hakuuliza atasimama akisema nini.

*

Walikwenda kama inavyotakiwa, wote wanne, wamejipaka tope la mtoni usoni na kifuani, wamebeba ndizi na muwa wa kuwapa wafiwa. Banda la kilio lilikuwa limejaa. Wanawake walikaa chini kuzunguka jeneza, wanaume wamesimama nyuma wakiegemea mashoka yao, na moshi ulikuwa mwingi. Kugame alipoingia watu walimpisha, wakaacha nafasi pana kuliko anayohitaji bibi mmoja mwembamba. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akaliwekea kiganja, akaanza kulia kwa kumtaja Gande majina yake ya utotoni: aliyekuwa akila udongo, aliyeogopa jogoo, aliyekojolea mgongo wake. Ludwina aliona mama wa marehemu akianza kuitikia bila kujua, kisha akajizuia, akauma mtandio wake.

Kwa muda ule mfupi Ludwina aliamini wameshinda.

Ndipo mchungaji akasimama. Alikuwa amevaa kola yake, na Biblia ilikuwa wazi. Alizungumzia uchungu wa msiba, uzuri wa Gande, umoja wa ukoo. Alisema Mungu hataki damu juu ya damu. Wanaume wakaguna kukubali. Kisha akasema yuko mama hapa ambaye jina lake limetajwa, na badala ya hasira, kanisa lina silaha iliyo kubwa zaidi. Akamwita Kugame. Akampigisha magoti. Akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake cheupe.

"Kwa jina la Yesu," mchungaji alisema kwa sauti iliyofika nje ya banda, "kila roho chafu iliyo ndani ya mama huyu, toka. Mwachie. Toka, usirudi."

Aliendelea, lakini Ludwina hakusikia tena. Alikuwa anawaangalia watu. Aliona neno lile likipita kwenye nyuso mmoja baada ya mwingine. Mpaka dakika ile walikuwa na mnong'ono wa bombani, na wengine walikuwa hawauamini hata huo. Sasa walikuwa na mtu wa Mungu, mwenye kola, mchana kweupe, akizungumza na kitu kilichomo ndani ya Kugame. Nani anamfukuza asiyekuwepo?

Alitaka kupiga kelele. Alisema, "Mchungaji, hapana," lakini akina mama wa umoja wake walikuwa wameinua mikono wakiitikia amina, na sauti yake ikapotelea humo.

Ombi lilipokwisha, Bomai, kaka wa marehemu, alitoka nyuma. Hakuwa mlevi wala mkatili. Alikuwa mtu aliyembeba ndugu yake kwenda na kurudi.

"Mchungaji, asante," alisema. "Umekitoa?"

Yauwe alipangusa jasho. "Tumwamini Bwana, ndugu yangu."

"Naamini. Nauliza tu, kimekwenda wapi?"

Mchungaji alifunua ukurasa mwingine wa Biblia.

"Kilikuwemo, umesema mwenyewe. Kimetoka. Basi arudishe moyo wa ndugu yangu, na yeye akalale kwake. Mimi sina ugomvi."

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Vijana waliziba mlango. Mmoja alichukua waya wa uzio akauchomeka kwenye moto, bila hasira, kama anayeweka birika la chai. Mondo alijitupa mbele akashikwa na binamu zake, watu aliokuwa akilima nao, nao walimwambia taratibu, tulia kaka, tulia. Ludwina alimshika mchungaji mkono wa shati akamwambia awaambie alivyoahidi. Yauwe alikuwa analia. Analia kweli, machozi mazito, huku akirudia, "Ndugu zangu, kwa upendo. Kwa upendo, ndugu zangu." Wakamsogeza pembeni kwa heshima, mtu mmoja akampa kiti.

"Na huyu mdogo?" sauti ya mwanamke iliuliza. "Anayesukishwa kamba kila siku?"

Vichwa viligeuka kumtazama Dekba.

Kugame, aliyekuwa bado amepiga magoti, aliinua uso. Alimwangalia mjukuu wake, akawaangalia wale vijana, akauangalia waya. Ludwina alimwona akihesabu, kama alivyokuwa akihesabu viazi siku za ukame, nani ale na nani asile.

"Ni mimi," Kugame alisema.

Kijana wa waya aligeuka.

"Ni mimi, peke yangu. Nilikuja nacho kutoka kwetu, na sikumpa mtu. Huyo mtoto hajui kitu, hata mafundo yanamshinda. Moyo nimeshaula, hauwezi kurudi. Chukueni nguruwe wote wa mwanangu, chukueni kahawa ya chini, mimi niondoke. Mchungaji amekitoa. Kimekwisha."

"Anadanganya," Ludwina alisema. "Bomai, shemeji, mtazame. Anadanganya kwa ajili ya mtoto."

"Nyamaza, mwanangu," Kugame alimwambia, kwa sauti ile aliyokuwa akimwambia nayo asichochee moto.

Naye Bomai alikubali. Huenda alikuwa amechoka, huenda hata yeye aliogopa ule waya. Wanaume wakajadiliana, nguruwe wakatajwa kwa rangi zao, mpaka wa shamba ukasogezwa. Mchungaji aliinuka kwenye kiti chake, akainua mikono, akasema, "Ameungama. Bwana asifiwe, hakuna damu." Na kabla jua halijazama alimpeleka bibi kwa gari lake mwenyewe, bila kuomba hata thumni ya mafuta.

*

Polisi walikuja kwa gari lililojaa mafuta kwenye maziko, kwa kuwa mheshimiwa mbunge naye alihudhuria. Ludwina alimfuata sajini akataka kufungua kesi. Sajini alimsikiliza akiguguna mfupa wa nyama ya msibani. Alisema amesikia bibi amekiri mwenyewe, fidia imelipwa na kupokewa, sasa yeye afungue kesi ya nini? Amani imepatikana. Mama aache kuchokonoa.

Ndugu wa Kugame kwenye bonde lake la kuzaliwa walimkataa. Walisema mtu aliyeungama mbele ya mchungaji hawawezi kumlaza na watoto. Tekla ndiye aliyempokea, akamweka kwenye stoo ya kanisa moja mjini, kati ya magunia ya nguo za mitumba, na kila Ludwina alipopiga simu bibi aliuliza kama mvua imenyesha. Tekla hakumlaumu. Alisema mara moja tu, "Lakini wewe ndiye uliyetufundisha," kisha akabadilisha mazungumzo.

Jumapili mchungaji alitoa shukrani kwa Mungu aliyeepusha mauaji Mogiagi, na kanisa likapiga makofi. Ludwina alisimama kwenye safu ya kwaya. Alisema mama mkwe wake hakuwahi kula moyo wa mtu. Alisema alikiri ili mtoto asichomwe. Alisema ombi lile lilikuwa hukumu, na kwamba wanaoshika ufunguo wa zahanati wanalala vizuri usiku kwa sababu ya maombi kama yale. Hakuna aliyembishia. Mtu nyuma alikohoa. Kisha Bernadeta, bila kumtazama, akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, na kwaya ikaudaka, na ukawa wimbo wa beti nyingi. Ludwina alibaki amesimama katikati ya waimbaji, mdomo wazi, kama na yeye anaimba.

Siku chache baadaye Yauwe alikuja nyumbani kumfariji. Alikuja kwa miguu, peke yake, na hilo lilimgusa Ludwina licha ya yote. Alikaa kwenye mkeka. Alisema usiku halali. Alisema aliwaza kuwapoza tu, angejua angesema vingine, na kwamba anamwombea Kugame kila asubuhi.

"Usimwombee," Ludwina alisema. "Nenda kasimame kanisani, uwaambie ulikosea."

"Mama Dekba, nikiwaambia hivyo watasema basi kile kitu bado kimo humu. Unataka waseme hivyo?"

Hakuwa anamtishia. Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo Ludwina alipoona mlango umefungwa kwa ndani na kwa nje.

Dekba aliingia na sahani ya viazi vitamu na mboga, akaiweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili kama alivyofunzwa. Mchungaji alishukuru. Aliiombea sahani ombi refu, zuri, lenye kuwataja wote wa nyumba ile. Akafumbua macho, akaitazama, akaisukuma mbele kidogo.

"Nimefunga," alisema. "Wiki hii nimefunga."

Mafuta ya nguruwe yalikuwa bado yanang'aa kwenye pembe ya mdomo wake, ya nyumba aliyotoka kupita. Aliinuka, akampa Ludwina mkono. Kwa Dekba aliinua kiganja hewani, akambariki kutoka mbali, akashika njia.

Msichana alibaki ameshika sahani, hajui aiweke wapi. Ludwina akamwambia alete, akala kiazi kimoja, akala na cha pili, bila njaa, akitafuna kwa sauti ili mtoto asikie.

Mondo aliingia kutoka shambani, kwenye kile kipande kilichobaki, amelowa jasho. Hakujua nani aliyekuja wala nani aliyeondoka. Alikaa, akanawa mikono, akasema njaa inamuua. Dekba akamwekea sahani mbele yake.

Mondo aliitazama ile sahani. Akainua macho, akautazama mkono wa binti yake uliokuwa bado kwenye ukingo wake. Kisha akachukua kiazi, akala, akala chote, na akaomba kingine.

Lakini kabla ya kukichukua alikuwa amesita kidogo. Ludwina aliona, na Dekba pia aliona.